Nyonga ya Bandia na Swali la Sita

Wenzangu wa chumba cha mazoezi mmeniomba niandike habari za kazi yangu, kwa kuwa nimestaafu na mnadhani sasa nina muda. Muda ninao, isipokuwa kuku wa jirani hawana habari kwamba nimestaafu, na wananishughulisha kutwa nzima. Ila kama mlitaka kujua nilipandishwa daraja lini na nani alinikabidhi cheti, mtasikitika, maana hayo hata mimi nimeyasahau. Kilichobaki kichwani ni watu na viungo vyao: magoti, mabega, vifundo vya miguu, na zaidi ya vyote nyonga. Kuna jambo moja la nyonga ambalo nikilikumbuka hata leo nashtuka upya, naacha ninachofanya nabaki nimesimama. Nitalisema lote, na sehemu yangu sitaificha.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Rehema, mzaliwa wa Chiwata. Nilianza kazi nikiwa na mtoto mmoja na viatu vyeupe vya kuazima, katika hospitali ya misheni iliyo kati ya Masasi na Newala. Jina lake naliacha. Walioko leo si wale wa wakati ule. Aliyenipokea ni Mzee Mchopa wa Lupaso, aliyekuwa peke yake katika chumba cha mazoezi tangu kilipojengwa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanitazama viatu. "Hivyo vivue," akasema. "Hapa tunapiga magoti, hatuendi harusini."

Siku hiyohiyo akanikabidhi vyombo vya kazi. Vilikuwa rula mbili za mbao zilizoungwa kwa msumari mmoja, za kupimia pembe ya kiungo, na soksi kuukuu zilizojazwa mchanga badala ya vyuma vya kunyanyua. Kulikuwa na magongo ya mninga aliyoyachonga mwenyewe, yenye vipande vya tairi la lori chini ili yasiteleze. Wakati ule dukani hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha, na glovu tulizifua, tukazianika kwenye kamba kama nguo za watoto, tukazipaka poda zikavaliwa tena. Katika hali hiyo Mzee Mchopa alifanya maajabu. Nilimwona akimnyoosha goti kijana aliyeanguka kutoka juu ya mkorosho, kidogokidogo kila siku, mpaka kijana akaondoka kwa miguu yake, na wala hakusema asante. Mzee akacheka, akasema anayeondoka bila kuaga ndiye aliyepona vizuri.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili: "Mama Rehema, mgonjwa usimsikilize sana. Atakueleza habari za wifi yake mpaka jua linatua. Wewe pima mguu." Nililishika somo hilo kwa mikono miwili. Kwa magoti lilinifaa sana.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Nyinyi mmezaliwa mnavikuta vitu, hamuwezi kujua ilivyokuwa kuingia Masasi mjini ghafla ukakuta vitenge, mitumba, redio na sabuni za kila rangi zimemwagwa barabarani. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuja na mizani zao mpaka vijijini. Na hospitali nayo ikapata vyake. Dokta Lukas, mganga mkuu wetu, mzungu aliyekaa nasi muda mrefu na kuongea Kiswahili kisafi, alielewana na mabingwa wa mifupa wa kwao. Wakaanza kuja kila mwaka, majuma mawili, na sanduku la bati lenye nyonga za bandia. Nilipoziona mara ya kwanza, chuma kinameta kama kijiko cha wageni, nilikodoa macho. Mtu aliyekuwa anajikokota kwa uchungu anakatwa, anawekewa kile chuma, na kesho yake anasimamishwa. Nilisema Mungu ametukumbuka watu wa uwandani.

Ndipo zikaletwa kadi za kijani. Kila mwenye nyonga mbovu ajaziwe kadi, na Dokta Lukas achague kutokana na kadi hizo watakaoonwa na mabingwa. Maswali yalikuwa sita. Matano ya kwanza yalikuwa ya kawaida: jina, kijiji, kazi, anaumwa tangu lini, anatembea mpaka wapi. La sita liliandikwa hivi: Je, nyumbani anachuchumaa au kukaa chini?

Mzee Mchopa alikuwa amewahi kuhudhuria mafunzo mahali, na huko alisikia kwamba nyonga ya bandia ikikunjwa sana inachomoka. Na kweli inachomoka, hilo hakulitunga. Akaniagiza: "Akiwa mtu wa kuchuchumaa, andika 'hafai', kadi itie droo ya chini. Tusimpotezee Dokta wakati." Mimi nikaandika. Mkulima wa Newala, choo chake cha shimo, anakula mkekani, anapalilia ameinama. Ni nani kati yetu hachuchumai?

Juma lilelile akaja bruda mmoja wa misheni, mzungu, fundi seremala, nyonga imemwishia kabisa. Nikamuuliza swali la kwanza mpaka la tano. Nilipofungua mdomo kwa la sita, Mzee Mchopa alinifinya mkono mpaka nikaona nyota. Bruda alipotoka akanigombeza. "Wewe umelelewa wapi? Mzungu mzima na ndevu zake unamuuliza anavyokwenda chooni? Pale piga mstari." Kwa wazee wa Kihindi wa madukani ilikuwa vilevile: piga mstari, hao ni wageni wetu na wakubwa, kuna aibu. Nilipiga mstari, na moyoni nikajiona mtu mwenye adabu. Bruda aliwekewa nyonga, na mwaka uliofuata alikuwa juu ya pikipiki.

Bi Somoe alikuja mara ya kwanza msimu wa korosho. Alitokea kijiji cha upande wa Kitangari, Newala, mjane mwenye shamba lake mwenyewe, mkubwa kwangu kama dada wa kwanza. Aliletwa na bintiye Ashura kwa baiskeli.

"Shikamoo, Mama Ashura," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na mguu huu, umekuwa si wangu tena. Maji ya bondeni nateka kwa kuombaomba majirani. Korosho naziokota kwa kujiburuta kwa matako, watoto wananicheka."

"Pole sana, mama."

"Nimesikia mna nyonga za chuma. Bruda mmoja amepita kwetu na pikipiki, kila mtu kamwona. Na mimi nataka."

Nilimpima kwa rula zangu mbili. Kiungo kilikuwa kibovu kama cha Bruda, pengine zaidi. Nikajaza kadi, nikafika swali la sita, nikaandika 'ndiyo', nikaandika 'hafai'. Nikampa magongo ya mninga na mafuta ya kuchua. Alirudi mwaka wa pili kutoka hapo, goti la upande wa pili nalo limeanza kuvimba kwa kubeba uzito peke yake. Nikanakili majibu ya kadi ya kwanza kwenye kadi mpya, nikabadilisha vipande vya tairi kwenye magongo. Aliniuliza tu, "Bado, mwanangu?" Nikamjibu, "Bado, mama." Huo ni uongo niliousema kwa sauti ya upole.

Mzee Mchopa alistaafu, akarudi Lupaso, chumba kikawa changu. Mwaka huo mabingwa walimwekea nyonga Bibi Shirin, mama mzazi wa mwenye duka la vitambaa Masasi. Dokta Lukas akaagiza gari la hospitali linipeleke nyumbani kwake mara moja kwa juma nikamfanyishe mazoezi. Nikaenda kwa furaha, maana pale chai ilikuwa na maziwa.

Siku ya pili, katikati ya mazoezi, Bibi Shirin akataka kwenda msalani. Nikamshika mkono, tukaenda pole pole na magongo. Nikafungua mlango. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa. Juu yake kilikuwa kimewekwa kiti kipya cha mbao kilichotobolewa katikati, na mbao zile na zile skrubu nilizijua. Vilitoka karakana yetu ya hospitali.

"Bibi," nikamuuliza, "choo chenu tangu zamani ni hiki?"

"Kwani mlidhani Mhindi anakwenda mawinguni?" akasema, akacheka mpaka nikahofia magongo yatamponyoka. "Tangu nimezaliwa choo changu ni hiki. Chapati nilikuwa nasukuma nimekaa chini. Mbona hukuniuliza? Dokta aliniuliza mwenyewe, akaniletea kiti hiki, basi, shida imekwisha."

Shida imekwisha. Nilisimama nje ya mlango ule nikikitazama kile kiti ubao kwa ubao. Kiti kimoja cha mbao! Fundi wetu angekichonga asubuhi na kukimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mazoezi ya siku ile sikuyamaliza vizuri. Nilimwambia dereva nina homa.

Niliporudi nilijifungia, nikaitoa droo ya chini nzima, nikaiweka sakafuni. Ilikuwa nzito. Nikasoma kadi moja baada ya nyingine: mkulima, mkulima, fundi cherehani, mkulima, mwalimu wa madrasa, mama mjane, mkulima. Wa Newala, wa Lupaso, wa Chiwata kwetu, mpaka jirani yetu aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto. Hafai, hafai, hafai. Zile za mistari hazikuwamo hata moja. Zilikwenda juu kwa Dokta, na wenyewe wakapata nyonga. Wote waliopata walikuwa weupe au Wahindi, na wote waliokosa walikuwa weusi kama mimi. Na mwandiko ulikuwa wangu. Hakuna aliyenishikia bunduki. Hakuna barua iliyosema watu weusi wasipewe. Nilikuwa nimewapanga watu kwa rangi zao kwa miaka, kwa mwandiko mzuri wa shule ya msingi, nikidhani nafanya adabu.

Nikabeba droo hivyohivyo nikaenda nayo kwa Dokta Lukas, nikaitua mezani juu ya karatasi zake.

"Nini hii?" akauliza.

"Wagonjwa wako wa nyonga, Dokta."

Alisoma kadi kama kumi. Uso ulimwiva. "Nani aliamua 'hafai'?"

"Swali la sita. Anachuchumaa, kwa hiyo hafai."

"Mama Rehema, swali la sita nililiweka nijue ni nani wa kutengenezewa kiti!"

Nikashtuka zaidi kwa alichosema baadaye. Alisema mabingwa humwuliza kila mwaka mbona nyonga za saizi ndogo, walizoleta kwa ajili ya wenyeji, zinarudi Ulaya hazijafunguliwa, na yeye huwajibu kwamba watu wa huku hawapendi kisu.

"Nani alikuambia hivyo?" nikamuuliza.

Akazigeuzageuza kadi mezani.

"Dokta, wanaume wa mabusha wanapanga foleni kukatwa, wengine wanagombana nani atangulie. Ngiri unakata wewe mwenyewe kila Jumanne. Akina mama wanapasuliwa wanajifungua. Kisu gani hicho wasichokipenda? Miaka yote hii hajakufikia mwenyeji hata mmoja mwenye nyonga, na wewe hukushuka ngazi kuuliza?"

Sijawahi kusema na mganga mkuu namna ile, kabla wala baada. Alivua miwani, akaishika tu. Akasema, "Sikuuliza." Basi tulikuwa wawili: mimi niliyefunga mlango, na yeye aliyeona mlango umefungwa akatunga sababu. Mzee Mchopa nilimfuata Lupaso nikamweleza. Aliinamisha kichwa, akasema, "Mimi nilikuwa nawastahi wale."

Dokta aliwaomba mabingwa wasingoje mwaka uishe, wakakubali kuja baada ya majuma matatu, na alisema huenda ikawa safari yao ya mwisho. Tuliwatafuta watu wa ile droo. Wengine walikuwa wamekufa, wengine moyo haukuruhusu tena kukatwa. Kwa Bi Somoe nilituma neno kwa lori la mnunuzi wa korosho, akaja, safari hii amelala nyuma ya gari juu ya magunia. Goti la pili lilikuwa limekwisha haribika. Alikuwa amekonda. Daktari bingwa alifungua moja ya zile nyonga ndogo, na ilimkaa sawasawa.

Siku ya tatu alisimama. Siku ya kumi na mbili alitembea wodi nzima na magongo, anawasalimia wagonjwa kitanda kwa kitanda kama mgombea udiwani. Nilimfundisha kila kilichokuwa kwenye karatasi ya mabingwa: mto katikati ya miguu, usivuke mguu juu ya mguu, usikae pa chini. Fundi akamchongea kiti cha choo. Niliomba gari nimfuate nyumbani kila juma kama Bibi Shirin. Likaitwa huku, likaitwa kule, Newala ni mbali, mafuta hakuna. Bibi Shirin gari lake lilikwenda juma hilohilo. Nilikasirika, nikapaza sauti, halafu nikazoea. Hilo nalo nisamehewe.

Hazikupita siku nyingi akarudishwa amebebwa kwenye machela ya miti, mguu umekuwa mfupi na umegeukia ndani. Nyonga ilikuwa imechomoka. Dokta Lukas alimlaza usingizi, akauvuta mguu, na kwa bahati nyonga ikarudi kwa mlio niliousikia mpaka tumboni. Asubuhi yake nikaenda kukaa karibu na kitanda chake. Nilikuwa na hofu na nilikuwa na hasira kidogo, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefeli.

"Mama Ashura, nilikuambia usikae pa chini. Ilikuwaje?"

"Mjomba alikuja kuniona," akasema. "Kaka yake mama yangu. Ndiye mkubwa wetu."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwamkia."

Nikaelewa kabla hajamaliza. Kwetu mwanamke hamwamkii mjomba wake akiwa kwenye kiti na mjomba mkekani. Anashuka, anachuchumaa, ndipo anasema shikamoo. Mimi mtoto wa Chiwata nililijua hilo kabla ya kujua kusoma. Nilimfundisha choo, kitanda na shamba, na salamu nikaisahau, kwa sababu kwenye karatasi ya Ulaya haikuwamo.

"Ungemwambia hospitali imekukataza," nikasema. "Angekuelewa. Mbona miaka yote ulikuwa unachuchumaa, ungeacha miezi michache tu..."

Alinigeukia. "Nilikuwa nachuchumaa lini?"

"Si nyumbani? Kabla ya kukatwa."

"Mwanangu, nyonga ile ilikuwa imekauka kama mti. Tangu kabla sijaja kwako mara ya kwanza nilikuwa siwezi kuchuchumaa. Mjomba nilimwamkia nimesimama miaka yote hiyo, wake wa watu wakinitazama kama sina adabu. Choo nilikwenda nimeshika ukuta. Nilipopata hii mpya nikasema kwanza nimwamkie mjomba kama mtu." Akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Nilikosea. Lakini nilifurahi sana pale chini."

Mwenye nyonga iliyooza hawezi kuchuchumaa. Hakuna hata mmoja katika droo ile nzima aliyeweza. Ndiyo maana walikuja! Mimi mwenye rula za kupimia pembe, niliyezipima nyonga zao kwa mikono yangu nikaona hazikunjiki, nilikuwa nikiandika kwamba wanachuchumaa.

"Kwenye kadi imeandikwa unachuchumaa," nikamwambia. "Mara mbili. Ndiyo iliyokunyima nyonga. Na aliyeandika ni mimi."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimekaa mbele yako."

"Sasa kwa nini hukunikatalia, mama?"

"Uliniuliza, na kalamu ikaanza kwenda kabla sijafungua mdomo. Nikadhani labda unajua zaidi." Hakusema kwa hasira, na ningependa angekasirika. Akavuta mto, akaubana vizuri katikati ya miguu kama nilivyomfundisha. "Haya. Niulize sasa."

Niliiweka kalamu kwenye kabati la pembeni, nikamuuliza. Alijibu mpaka uji ukaletwa ukapoa, akaendelea mpaka chakula cha mchana, habari za choo na shamba na maji ya bondeni na mjomba na wifi yake pia, na sikumkatisha.